Aliyenifundisha Kuchungulia Masikio

Watu wa mtaa wetu wa Kanyenye, huku mjini, huniita Daktari wa Masikio, na mimi huwaacha waniite hivyo, ingawa si daktari na masikio sikuyasomea. Mimi ni tabibu wa kawaida katika zahanati ndogo iliyobanwa kati ya duka la vitambaa na duka la vipuri vya baiskeli. Karibu kila ninachojua kuhusu sikio la mtoto nilifundishwa na mwanamke mmoja kule Puge, na hata hicho nilikisahau siku nilipokihitaji kwa ajili ya binti yangu mwenyewe. Nusura Nyamizi apoteze sikio lake la kushoto, na pengine zaidi ya sikio, nyumbani kwa Daktari wa Masikio aliyemzaa. Naandika habari za mwanamke huyo nikiwa bado naona haya, kwa hiyo nitajicheka kidogo. Ni nafuu nijicheke mimi kabla hamjaanza ninyi.

Alikuwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati ya Puge niliyopangiwa nilipoanza kazi, mwenye funguo zote na lawama zote. Tulimwita Mfawidhi. Wagonjwa walimwita Mfawidhi. Nasikia hata mumewe alimwita Mfawidhi, ila mumewe sikuwahi kumsikia akisema neno lolote, kwa hiyo hilo siwezi kuliapia. Alikozaliwa sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya kwao. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa kandambili za bluu ndani ya zahanati kwa sababu alisema viatu vinavyogonga sakafu huwatisha watoto. Mimi nilifika na viatu vinavyogonga. Tena nilikuwa nimevipiga rangi.

Nilifika pia na otoskopi yangu mwenyewe, kile kifaa chenye taa cha kuchungulia ndani ya sikio, ambacho mjomba alininunulia nilipomaliza chuo. Ya zahanati ilikuwa kuukuu, imezungushiwa plasta shingoni, na taa yake ilikuwa inawaka ikipenda. Yangu niliichomeka kwenye mfuko wa koti jeupe, kichwa chake kikitokeza nje ili kila mtu akione. Siku yangu ya kwanza niliona watoto saba wenye homa, na wote saba niliwaandika kwenye rejesta kwamba wana uambukizo wa sikio la kati. Ngoma za masikio yao zote zilikuwa nyekundu kama nyanya. Nilijisikia nimegundua jambo ambalo wilaya nzima ilikuwa haijaligundua.

Mfawidhi alipitia rejesta saa sita mchana. Akaivua miwani, akaivaa tena.

"Puge nzima imeoza masikio leo?"

"Ndiyo, Mfawidhi. Nadhani ni mlipuko."

Hakucheka. Alitoka nje, akamkuta yule mtoto wa saba bado yuko kwenye benchi na mama yake, wanasubiri dawa. Mtoto alikuwa amenyonya, ametulia, anachezea kitenge. Mfawidhi akaketi kando yao, akazungumza na mama habari za mahindi kwa muda niliouona mrefu mno, kisha akachukua otoskopi yangu, akachungulia bila mtoto hata kugeuka. Akanipa nami nichungulie. Ngoma ilikuwa nyeupe, inang'aa, nzuri kabisa.

"Mtoto akilia, uso wake unakuwaje?" akaniuliza.

"Unakuwa mwekundu."

"Na sikio lake liko kwenye uso wa nani?"

Mtoto alikuwa na mafua tu. Nilimkuta analia, nikamliza zaidi, kisha nikakiandika kilio chake kuwa ugonjwa. Kati ya wale saba, baada ya Mfawidhi kutuma watu kuwarudisha waliokuwa wameondoka, wawili ndio waliokuwa na ugonjwa wa kweli. Alinionyesha tofauti. Ngoma inayoumwa huwa imetuna kuja nje, imepoteza mng'ao, na nyuma yake unaona usaha umejaa. "Ikituna kama andazi, huyo ni mgonjwa wako," alisema. "Ikiwa nyekundu tu, ujue mtoto amekukasirikia." Wale wawili aliwapa amoksilini ya siku tano na dawa ya maumivu. Mimi nilitaka kuwapa ya masikio kwanza na ya maumivu baadaye, akaniuliza kama nimewahi kuumwa sikio. Nikasema hapana. Akasema inaonekana.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja hata foleni ifike barabarani. Mama anakaa, mtoto anakaa ubavu mapajani, mkono mmoja wa mama unafunga mikono ya mtoto na mwingine unabana kichwa kifuani. Akina baba aliwatoa nje. Alisema baba hamshiki mtoto, anamwonea huruma tu, na huruma haishiki kichwa. Kisha anaanza na sikio lisilouma, ili ajue la mtoto huyu likiwa zima linafananaje. Lakini kabla ya yote hayo, kabla hata hajagusa otoskopi, alipitisha vidole viwili nyuma ya masikio yote mawili, kwenye mfupa, akibonyeza taratibu huku akiutazama uso wa mtoto.

"Vidole kwanza, tochi baadaye." Nimelisikia neno hilo kuliko jina langu.

Alikuwa anatafuta uvimbe. Usaha wa sikio ukikosa njia unaweza kuingia kwenye mfupa wa nyuma, nao ukivimba unalisukuma sikio mbele, linasimama kuliko mwenzake. Mtoto wa namna hiyo hakai zahanati hata dakika moja zaidi. Anachomwa sindano ya kwanza na kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuoni na kulijibia mtihani vizuri, lakini kwa kuwa miezi ilipita bila kuuona uvimbe wenyewe, nilianza kuviona vidole vile kama mazoea ya kizee. Siku moja nilimwambia hivyo, kwa lugha ya adabu.

Akanisimulia, na hakurudia tena. Zamani, alipokuwa kijana kama mimi, wafugaji walimletea mtoto kutoka Choma. Alimchungulia kwa tochi, akampa dawa, akamrudisha nyumbani. Nyuma ya sikio hakugusa. Mtoto alirudishwa siku ya nne akiwa hamtambui mama yake, na hakuwahi kumtambua tena. Mfawidhi aliisimulia habari hiyo akiwa anakunja pamba, na alipomaliza aliendelea kukunja pamba. Mimi nilitoka nje kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Vita yake kubwa ilikuwa na samli. Huku kwetu kwenye ng'ombe, mtoto akilia sikio, bibi huyeyusha samli na kumtia matone ya uvuguvugu ndani. Bibi anafanya hivyo kwa upendo, na mimi nikichungulia naona mafuta tu, siwezi kusema ngoma imetuna au imekwenda sokoni. Katika wiki yangu ya pili nilisimama mbele ya benchi nikatoa hotuba kwamba samli ni marufuku. Nilitumia maneno kama "athari" na "utafiti". Wiki iliyofuata benchi lilikuwa na nafasi nyingi. Wale waliokuja walikuwa wameyapangusa masikio ya watoto mpaka yanang'aa kwa nje, na ndani samli ileile.

Mfawidhi alinikalisha jikoni, mahali pa kuchemshia vyombo.

"Umewanyang'anya bibi kazi yao," alisema, "halafu ukategemea wakushukuru."

Yeye alikuwa amewapa kazi nyingine. Aliwaambia samli ni ya shingoni: wapake chini ya sikio, nje, taratibu, asubuhi na jioni, wakimsemesha mtoto. Ndani, kama linatoa usaha, wakaushe kwa utambi wa kitambaa safi, waingize, wasubiri, watoe, waweke mwingine, mpaka utoke mkavu. Kazi hiyo ya utambi inataka mikono yenye subira, na aliwaambia mabibi waziwazi kwamba kina mama wa siku hizi hawana, wana simu. Mabibi waliipenda sana. Mimi nilisema kupaka shingoni hakutibu kitu. "Hakutibu," alikubali. "Na hakudhuru. Na sikio linabaki bila samli. Wewe ulitaka nini kingine?"

Na hakuwauliza kama wametia samli. Nakumbuka bibi mmoja alikuja na mjukuu mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," Mfawidhi alimwamkia Kinyamwezi, kama alivyowaamkia wote.

"Mwangaluka."

"Samli umemtia?"

Huyo nilikuwa mimi, nimedakia kwa Kiswahili changu cha mjini. Bibi akaapa hapana, samli hata nyumbani hakuna. Mfawidhi akamsogezea kiti, akamwuliza habari za ng'ombe, na katikati ya habari za ng'ombe akamwuliza, "Ya mwisho umetia lini?"

"Jana jioni," bibi akajibu, na wote wawili wakacheka, bibi akicheka zaidi. Mimi ndiye niliyebaki nimekasirika.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwakataza watu wa Puge wasitie kitu chochote sikioni, hata kidole, na yeye mwenyewe alijikuna masikio kwa kifuniko cha kalamu, amefumba macho kwa raha. Nilipomfuma alisema sikio lake limeshazeeka, halina cha kupoteza. Aliwapigia simu kina mama siku ya tano kuuliza kama chupa ya dawa imekwisha, na akisikia mtoto aliachishwa dawa kwa kuwa "amepona" alifoka mpaka simu ilikuwa haina haja. Lakini droo yake ilijaa vidonge vyake vya presha, karatasi nusunusu, kwa sababu alivimeza akikumbuka. Nilijaribu kumfokea kwa maneno yake mwenyewe. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Mimi si mtoto," na mjadala ukafungwa.

Alinitania bila kuchoka. Siku za huduma ya mkoba tulitembea kwenda vijiji ambavyo pikipiki haikufika wakati wa mvua, mimi nimebeba sanduku la chanjo. Nililalamika mara moja tu. "Njia hizi walipita watu na pembe za ndovu begani mpaka pwani," alisema bila kugeuka, "wewe umebeba barafu unahema." Nikamwambia wale walikuwa Wanyamwezi. "Na wewe?" Nikasema mimi pia. Akasimama, akaitazama miguu yangu, akasema basi damu inapungua nguvu.

Nilikaa naye miaka minne. Nikahamia mjini, yeye akastaafu akabaki kwenye nyumba yake jirani na zahanati. Kanyenye nilianza kupitisha vidole nyuma ya masikio, kuanza na sikio zima, kusubiri kilio kipite. Wazazi waliona mtu makini. Wakaleta wengine. Hata mwenye duka la vitambaa, ambaye familia yake ipo mtaani hapa tangu enzi za babu zake, alileta wajukuu wake watatu kwa mpigo na kunitangazia sifa kwa kila aliyenunua mita mbili. Nikaanza kuamini utaratibu ule niliuvumbua mimi.

Kisha Nyamizi, akiwa na miaka mitano, akapata mafua na kuanza kulia sikio la kushoto. Mama yake alimshika kama inavyotakiwa. Mimi nilichungulia nikaona ngoma imetuna, nikampa amoksilini na dawa ya maumivu. Mpaka hapo nilikuwa tabibu. Siku ya tatu homa ilikwisha, na mtoto akaanza kuitema dawa na kusema, "Baba, sikupendi tena." Nikaacha kumpa. Ninachowakataza wazazi wa Kanyenye kila siku ya Mungu nilikifanya mezani kwangu, na chupa nikaiweka juu ya friji ikiwa nusu.

Baada ya wiki homa ikarudi. Jioni moja mke wangu alikuwa anamsuka, akasimamisha mkono.

"Baba Nyamizi, hili sikio mbona limesimama?"

Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka hapo. Nilitazama na niliona. Sikio la kushoto lilikuwa limetoka mbele kuliko la kulia.

"Amelilalia," nikasema.

Nikashusha chupa ile ya juu ya friji, nikaanza kumpa upya kana kwamba siku zilizopita zingenisamehe. Kesho yake nilipitisha vidole nyuma ya masikio ya watoto wa watu wote waliokuja zahanati, na nyumbani sikumgusa wangu. Niliogopa kukuta kitu. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka kwangu, na ndani yake kuna watu niliosoma nao, na mimi ni Daktari wa Masikio. Nawaombeni mnielewe kwamba nilimpenda mtoto wangu sana na bado nilifikiria jambo hilo la kijinga.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alikuwa amemfunga Nyamizi khanga kifuani. "Nampeleka Puge kwa Mfawidhi," alisema. "Unakuja, huji, shauri yako." Hakujua tunachokimbia. Mimi nilikubali haraka kwa kuwa Puge haikuwa hospitali. Tukapanda gari, zaidi ya saa nzima kwenda kwa mwanamke aliyestaafu, tukiiacha hospitali nyuma yetu. Nilikuwa natunga maneno ya kujitetea njia nzima.

Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho katika yote mawili.

"Shikamoo, Mfawidhi."

"Marahaba. Viatu bado vinagonga."

Mke wangu akaeleza, na kabla hajamaliza Mfawidhi alikuwa ameshawaweka kwenye mkao wake. Vidole viwili vikapita nyuma ya sikio la kulia. Vikapita nyuma ya la kushoto, vikasimama. Nyamizi akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake.

"Lete tochi yako uangalie," Mfawidhi aliniambia. "Mimi siku hizi naona moshi tu."

Nikachungulia.

"Unaona nini?"

"Imetuna. Kuna usaha."

"Na nyuma?"

"Pamevimba."

"Tangu lini?"

Nilitaka kusema tangu leo. Mke wangu alikuwa ananitazama, na mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyokwisha nguvu.

"Tangu juzi," nikasema. "Niliona juzi. Sikumgusa."

Nilijiandaa kufokewa. Nilitamani hata kufokewa huko. Mke wangu akageuza uso, na hilo liliniuma kuliko lolote ambalo Mfawidhi angesema. Mfawidhi alikuwa anapapasa sakafu kwa miguu, anatafuta kandambili zake.

"Yule wa Choma," akasema taratibu, "nilimwona. Sikio lilikuwa limesimama. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia kesho." Akasimama, akanishika bega, sijui ni kwa kunihurumia au kwa kutafuta njia. "Inuka. Wewe bado una leo."

Zahanati ya jirani wakamchoma sindano ya kwanza. Mfawidhi akapanda gari nasi kurudi mjini, bila kuaga, mchele umebaki kwenye ungo. Njia nzima alishika miguu ya Nyamizi, na kila baada ya kitambo alimwuliza jina la mama yake. Kila mtoto alipojibu, yeye alishusha pumzi. Hospitali wakampasua mchana huohuo nyuma ya sikio, wakatoa usaha. Daktari, kijana niliyesoma naye, akaniuliza dawa ya kwanza ilitumika siku ngapi. Nikamwambia tatu. Akaandika tatu. Hakuna aliyecheka, na ningependelea wangecheka.

Walisema mtoto atapona, lakini usikivu ni wa kusubiri. Kwa hiyo tukasubiri. Wiki zikapita, bandeji ikatoka, kovu likaonekana, na mimi kila siku niliita, "Nyamizi!" kutoka kila upande wa nyumba mpaka mama yake akaniambia nimwache mtoto. Aliitika kila mara, lakini ana masikio mawili, na sikuweza kujua ni lipi linaloitika. Kumpima sawasawa ningeweza. Nilikuwa naogopa tena.

Baada ya wiki sita tulirudi Puge. Hatukungoja hata chai. Mfawidhi alimwita Nyamizi, akamsimamisha katikati ya magoti yake, akaliziba sikio la kulia kwa kiganja, akalisugua kidogo ili lisisikie chochote. Kisha akainama upande wa kushoto, mdomo mbali na sikio kiasi cha mkono, akanong'ona.

Nilikuwa hatua mbili, nimekaza shingo, na sikusikia hata herufi. Nyamizi alikuwa anatazama ukuta. Hakujibu. Mke wangu akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mimi nikaanza kuhesabu makosa yangu kutoka la kwanza.

Mara Nyamizi akaangua kicheko. Akageuka akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka akaketi chini.

"Amesikia," alisema Mfawidhi, akaomba aletewe maji ya kunywa.

Nililia pale barazani mbele yao wote. Alichoambiwa sikijui mpaka leo. Nimemwuliza Nyamizi njiani, nyumbani, kwa hila na kwa peremende, na kila nikimwuliza ananitazama miguu na kuanza kucheka upya. Sijawahi kufurahia kuchekwa hivyo maishani mwangu.